Hiyo 288 kwenye mashine ya kufungulia nati si volti

Jumamosi moja asubuhi jirani yangu hapa Buswelu, Mwanza, Baba Neema, aliniita uani kwake nikaone kitu. Mezani kulikuwa na kasha jeusi la plastiki, na ndani yake mashine mpya ya betri ya kufungulia nati, betri mbili, chaja, na soketi tano zinazong'aa kama vijiko vya harusi. Ubavuni mwa mashine kumeandikwa kwa rangi ya fedha: 288VF.

"Jirani, hizi ni volti 288," akaniambia. "Umeme wa ukutani ni 230 tu. Yaani hii inaupita wa TANESCO."

Toyota IST yake ilikuwa imeegeshwa pembeni, gurudumu la nyuma limekaa chini tangu usiku. Nati ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu, mashine ililia tararararara karibu dakika nzima, ikapata moto hadi Baba Neema akabadilisha mkono, na nati haikutikisika. Tulimalizia kwa wili spana na kipande cha bomba, kama siku zote.

Tangu matangazo ya mashine hizi yajae kwenye simu, hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote: ninunue ipi? Mmoja anauza ya 98, mwingine 128, mwingine 388. Halafu yupo anayeuza iliyoandikwa 20 tu, na huyo ndiye mwenye bei kubwa. Mnunuzi anaona anataka kuibiwa mchana kweupe. Kumbe wa 20 anaweza kuwa ndiye pekee aliyesema ukweli.

Tuanze na mashine yenyewe inavyofanya kazi. Drili ya kawaida inazungusha tu. Ukiishikisha kwenye nati iliyokaza, nati haizunguki, kwa hiyo utazunguka wewe: mashine inakupinda kifundo cha mkono. Hii ya kufungulia nati haizungushi tu, inapiga. Ndani yake mna kipande kizito cha chuma kinachozungushwa na mota, hicho ndicho nyundo. Mbele yake kuna fuawe, iliyoungana na kichwa cha mraba kinachoingia kwenye soketi. Nati ikiwa laini, nyundo na fuawe huzunguka pamoja bila kelele. Nati ikigoma, nyundo inarudi nyuma kidogo huku ikibana springi, inachomoka, inaruka mbele na kuigonga fuawe ubavuni. Kisha inarudia. Nyingi hugonga zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na hiyo ndiyo tararara tuliyoisikia.

Aliyewahi kupasua kuni anajua tofauti. Weka shoka juu ya gogo la mkaratusi, ulikandamize kwa uzito wako wote: hakuna kitu. Inua, piga, gogo linaachana. Na kwa sababu nguvu inakuja kwa vipigo vifupi vifupi, mkono wako hausikii msukosuko mkubwa. Ndiyo maana mashine ya kilo mbili inaweza kufungua nati ambayo wewe ungeifungua kwa kusimama juu ya spana.

Zipo mbili nyingine ambazo watu huzichanganya na hii. Drili yenye nyundo, ile ya kutobolea ukuta, nayo hupiga, lakini hupiga kwenda mbele, kama mtu anayegongelea msumari; kwa nati haikusaidii. Kuna pia kadogo ka kukazia skrubu za mabati, chenye tundu la pembe sita mdomoni. Hako kanapiga kwa kuzungusha kweli, ila ni ka skrubu. Kwa magurudumu ya gari dogo unatafuta yenye kichwa cha mraba cha nusu inchi.

Betri tuliyoifungua

Sasa volti. Baba Neema alikubali tuifungue betri moja, kwa kuwa dhamana haikuwepo hata hivyo. (Usiige. Nyaya za ndani zikigusana betri hizi huwaka, na moto wake hauzimiki kirahisi.) Skrubu nne, kifuniko kikatoka. Ndani kulikuwa na seli tano za duara, zimepangwa kama dagaa kwenye kopo. Seli ya aina hiyo ina upana wa milimita 18 na urefu wa 65, imeizidi kidogo betri ndogo ya tochi, ile ya AA. Kila moja ni volti 3.6 kwa kawaida, na 4.2 ikijaa kabisa. Zimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo unajumlisha: tano mara 3.6 ni 18; tano mara 4.2 ni 21. Mita yangu ilisoma 20.6.

Basi 288 imetoka wapi? Haikutoka popote. VF si kipimo cha kitu chochote. Angalia vizuri: mtengenezaji hakuandika 288V, aliandika 288VF, na hiyo F ndiyo kichaka chake cha kujifichia. Jicho linaona V, akili inamalizia. Na huna haja ya kufungua betri ili umkamate. Geuza chaja, usome karatasi ya chini pale palipoandikwa Output. Ya Baba Neema ilisema 21V. Chaja haiwezi kudanganya hapo, maana ingetoa volti 288 kweli, ingeichoma betri yake yenyewe.

Hapo hapo tumalize ubishi wa 18 na 20. Kati ya kampuni za mashine hizi, Makita huandika 18. Ingco na Total huandika 20. DeWalt huandika 20 kwa soko la Marekani na 18 kwa soko la Ulaya. Zote ni seli tano mfululizo. Mmoja kahesabu volti za kawaida, mwingine kahesabu za betri iliyojaa. Ni kama wavuvi wawili wanaotaja uzito wa sangara yule yule, mmoja kampima kabla ya kumtoa utumbo, mwingine baada.

Namba ya pili kwenye betri ni Ah, ampea-saa, yaani ujazo. Wana Mwanza hili tunalielewa haraka kwa sababu ya vilima vyetu na maji: volti ni urefu wa mnara wa simtanki, Ah ni ukubwa wa simtanki lenyewe. Mwenye tanki juu ya mwamba na mwenye tanki chini ya dirisha hawaogi kwa presha moja, lakini anayewahi kukaukiwa ni mwenye tanki dogo. Seli nzuri kabisa ya umbo lile hubeba takriban Ah 3.5, na nyingi za bei ndogo hubeba 1.5 au 2. Tano zikiungwa mfululizo, ujazo haujumlishwi. Unabaki ule wa seli moja. Kwa hiyo betri yenye seli tano ikiandikwa 20,000mAh, yaani Ah 20, imejaa maandishi tu. Mkono wako unaweza kukuambia pia. Kila seli ina uzito wa gramu 45 hivi. Betri ya Ah 4 au 5 kwa kawaida ina seli kumi, safu mbili za tano, na ukiishika unasikia nusu kilo na zaidi. Ukipewa betri nyepesi kama nusu mche wa sabuni na kuambiwa ni kubwa kuliko zote dukani, mshukuru muuzaji uondoke.

Ujazo huo haugusi muda wa kazi pekee, unagusa hata nguvu. Mashine inapogonga nati ngumu inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na seli dhaifu hulegea volti zake hapo hapo. Mashine moja, ukiivua betri ya Ah 1.5 na kuivisha ya Ah 5, unaweza kuona nati iliyogoma ikatoka. Wengi hurudisha mashine dukani wakati mgonjwa ni betri.

Nguvu inapimwa kwa ndoo

Tuje kwenye namba inayofungua nati: nguvu ya msokoto, inayoandikwa Nm, nyutoni-mita. Kama volti zimewachanganya watu, hii imewapoteza kabisa, na bado ndiyo ya muhimu. Naomba uiweke hivi kichwani. Chukua spana yenye mkono wa nusu mita, uilaze kama rula, uning'inize ndoo ya maji ya lita 20 kwenye ncha yake. Ndoo ile ina kilo 20 na ushee, na msokoto inaoutoa kwenye nati ni kama Nm 100. Ndoo moja, Nm 100. Tuendelee na hesabu ya ndoo.

Nati za magurudumu za IST, Vitz, Corolla na ndugu zao wengi wa Toyota zinatakiwa kukazwa kwa Nm 103. Ndoo moja tu! Kila nikimwambia mtu hili haamini, maana anakumbuka alivyotoka jasho kuzifungua. Lakini hebu kumbuka nani alizikaza. Kijana wa pancha mwenye kilo 70 akisimama kwenye wili spana ya sentimita 40 anatoa karibu Nm 275, yaani ndoo karibu tatu. Wengine hawasimami, wanaruka. Ongeza vumbi na kutu ya mwaka mzima, na nati iliyokazwa kwa ndoo tatu sasa inadai nne ili iachie.

Kuhusu hiyo kutu kuna maneno mengi yasiyo ya kweli. Watu husema magari ya kando ya ziwa huliwa na kutu kama ya Tanga. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi, na chumvi ndiyo inayoiharakisha kutu. Unyevu unachangia, na anayeingiza gari hadi matairi yazame majini ili alioshe anajitafutia yake, lakini kutu nzito ninayokutana nayo chini ya magari yetu mara nyingi ilianza Japani. Sehemu zenye theluji kule humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Gari linafika Mwanza liking'aa juu, huku boliti za chini zimeshaliwa. Hizo ndizo zitakazoitesa mashine yako siku ukigusa breki au shokapu.

Sasa rudi dukani na swali moja mdomoni: hiyo Nm ni ya kufunga au ya kufungua? Watengenezaji waaminifu hutoa zote mbili, na hazilingani. Makita DTW300, kwa mfano, imeandikiwa Nm 330 za kufunga na 580 za kufungua nati iliyoshikana. Ya pili daima ni kubwa, kwa hiyo ndiyo inayopenda kuchapwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi. Ukiona namba moja tu, hesabu kwamba ni ya kufungua, tena iliyopatikana siku mashine ilipokuwa na bahati. Kwa mashine zisizo na jina mimi huigawa kwa tatu. Hiyo si kanuni ya kitabu, ni mazoea yangu tu, na hayajanitia hasara bado.

Mwenye gari dogo, mashine yenye Nm 300 hadi 400 za kweli inamtosha kwa magurudumu. Mwenye Noah, Hiace au Prado, au anayetaka kugusa nati ya katikati ya ekseli, ambayo kwa magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele hukazwa kwa zaidi ya ndoo mbili na hukaa miaka bila kuguswa, atafute 500 na kuendelea. Zaidi ya hapo unanunua uzito wa bure. Mashine za Nm 1,000 za kweli zina kilo tatu na zaidi pamoja na betri, na jaribu wewe kuishika hiyo chali chini ya gari dakika kumi.

Na usiifungie nati. Kama ukisahau yote, shika hili. Mashine ni ya kufungulia. Kufunga ni kwa mkono. Boliti ya gurudumu ina unene wa milimita 12, kama kidole. Ndoo moja inaivuta inavyotakiwa, kama mpira wa manati uliovutwa kidogo, na mvutano huo ndio unaoshikilia gurudumu. Ndoo nne zinaivuta hadi inarefuka na hairudi tena. Haitakatika leo. Itakatika siku nyingine, barabara ya Musoma, ukiwa na familia. Au uzi wa boliti, ile mifereji nati inamopita, utakwanguka, au diski ya breki itajipinda kwa kubanwa upande mmoja, uanze kusikia usukani unatetemeka kila ukikanyaga breki na kumlaumu fundi wa mwisho aliyeligusa gari.

Utaratibu ni huu: anza kila nati kwa vidole, mizunguko mitatu au minne, ili isiingie mshazari. Kisha kaza kwa spana kidogo kidogo, kwa msalaba zikiwa nne, kwa nyota zikiwa tano. Shusha gari, malizia kwa spana ya kupimia, ile inayotoa mlio ikifika namba uliyoiweka. Huna? Mkono wa spana wa nusu mita na kilo 20 za mkandamizo, basi. Ndoo yako unaijua. Ukiwa umepuliza dawa ya kutu, futa uzi kwanza, kwa sababu ile 103 ni ya uzi mkavu, na uzi wenye mafuta huteleza ukazidisha bila kujua. Halafu baada ya kilomita 50 hadi 100, tuseme umefika Magu, simama ukague tena.

Kuna jambo la jeki ambalo mashine hizi zimelirudisha nyuma. Zamani kila mtu alijua: legeza nati gurudumu likiwa chini, ndipo upige jeki. Sasa mtu ana mashine, anainua kwanza, halafu anaitetemesha gari juu ya jeki ya buti. Mji wetu umejaa mawe, jiwe la kuzuia tairi halina bei, liweke. Ila usiliweke chini ya bodi badala ya stendi, wala tofali la saruji. Tofali halitoi taarifa kabla ya kupasuka.

Mengine ya dukani nitayapitia haraka. Mota isiyo na kaboni, vile vipande vinavyosugua ndani ya mota na kuipelekea umeme, ni bora: haichakai kaboni, haipati moto upesi, inatumia betri vizuri zaidi. Lakini hata yenye kaboni inamtosha anayeitumia mara moja kwa mwezi, na kaboni zinauzwa. Soketi ndizo nisizozipitia haraka. Zile tano zinazong'aa za Baba Neema ni za kufungia kwa mkono. Chuma chake ni kigumu lakini hakipendi vipigo, kinaweza kupasuka na kipande kikaruka usoni. Za mashine ni nyeusi, nene, zenye pembe sita ndani. Nunua mbili tu kwa kuanzia: ya milimita 21 kwa Toyota na Nissan, ya 19 kama una Subaru au Honda. Na vaa miwani.

Ukinunua mtumba, soma chaja tena, safari hii pale palipoandikwa Input. Vifaa vinavyofika ndani ya magari kutoka Japani vina chaja za volti 100, na vya Marekani ni 120. Ukichomeka kwenye 230 yetu utasikia paa, na harufu yake hukaa chumbani siku mbili. Mashine itakuwa nzima, chaja ndiyo marehemu. Pia kabla ya kulipa, uliza kama betri ya akiba ya aina hiyo inapatikana hapa mjini leo, si wiki ijayo. Betri itakufa kabla ya mashine, hasa ukiiacha ndani ya gari juani.

Je, unaihitaji kweli? Kama una gari moja na kazi yako ni kubadilisha tairi mara mbili kwa mwaka, mimi nasema hapana. Wili spana nzuri, bomba la mita moja na spana ya kupimia vitakufaa zaidi, wala havihitaji chaji. Mashine inaanza kulipa unapofanya breki mwenyewe, au nyumba ina magari matatu, au mgongo umeanza kukukumbusha umri.

Baba Neema hakuirudisha yake. Aliitafutia betri nyingine yenye seli kumi, akanunua soketi nyeusi ya 21, na IST sasa anaifungua bila kuniita. Aliniita tena mwezi uliopita kwa ajili ya Canter ya shemeji yake, ya zamani, iliyovuka daraja la Kigongo–Busisi na mananasi ya Geita na kupata pancha karibu na kwetu. Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Nilimkuta amepiga magoti, mashine inalia, betri ya pili inaelekea kwisha. Nati za Canter si za mashine ile hata kwa bahati, na nilikuwa nafungua mdomo kumwambia hivyo. Kwanza nikafuta tope kwa kidole kwenye ncha ya boliti. Palikuwa na herufi imegongwa kwenye chuma: L.

Canter za zamani, magurudumu ya kushoto yana uzi wa kinyume. Kinachofungua nati nyingine huifunga hii.

"Kwa hiyo muda wote huu..." akaanza Baba Neema.

Shemeji yake alishaenda kutafuta bomba, na safari hii alitaka refu.